Huyo Jogoo ni Mbegu

Justa anaapa kwamba aliliona jambo hili kwa macho yake. Anasema ilikuwa siku ya tatu baada ya harusi ya jirani yake, Yusto. Bibi harusi, Salome, aliamka jua halijatoka, akachukua ufagio, akaingia kufagia banda la kuku. Jogoo mkubwa wa nyumba hiyo akatoka nje. Alikuwa jogoo wa kifua kipana, miguu minene kama magunzi. Justa anasema jogoo huyo alimzunguka bibi harusi mara tatu, akalala chini, akafumba macho. Tangu siku hiyo, kila kifaranga aliyeanguliwa katika banda lile hakukua akampita kwale.

"Mkono wa yule binti unanyausha," Justa alisema. "Mpeni kazi nyingine, siyo kuku."

Alisema hivyo kisimani. Akasema tena kwenye mashine ya kusaga. Jumamosi akarudia kwenye jumuiya, baada ya sala, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao.

Salome ni mzaliwa wa kijiji cha Laela. Alimaliza darasa la saba, akakaa nyumbani akilima mahindi na wazazi wake mpaka Yusto alipomwoa. Si mtu wa maneno mengi. Yeye anaangalia. Ukimwuliza ng'ombe wa nani wamepita njiani, atakwambia ni wa nani, ni wangapi, na yupi anachechemea.

Maneno ya Justa yalimfikia, akaendelea na kazi zake. Alijua mama mkwe wake, Mama Hellena, ana akili zake. Mama Hellena ni mjane anayeheshimiwa kijiji kizima. Kuku wake walijulikana mpaka mjini Sumbawanga. Wachuuzi wa mtaa wa Majengo walikuwa wakishuka kwenye basi kwa ajili ya kuku wa Hellena tu. Mtu kama huyo hawezi kusikiliza porojo za kisimani.

Siku moja mchuuzi kutoka Majengo akaja. Akamnyanyua jogoo mmoja, akampima kwa mkono, akamrudisha chini polepole.

"Mama," alisema, "siku hizi mnafuga njiwa?"

Yusto alicheka. Mama Hellena hakucheka. Jioni ile alimwita Salome, akamwambia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, kuanzia kesho kuku niachie mimi. Wewe shika jiko na shamba."

"Sawa, mama," Salome alijibu.

Katika nyumba ile, mwanamke asiye na kuku hana neno. Mgeni akija, hana cha kumpikia. Mtoto akiugua, hana cha kuuza haraka. Lakini hayo siyo yaliyomuuma Salome. Kilichomuuma ni kwamba Mama Hellena alikuwa ameamini.

Basi Salome akakaa mbali na banda. Hakushika yai wala kifaranga. Alipeta mahindi, alichota maji, alimnyonyesha mtoto wake, Sharon, na alikuwa akiangalia. Mvua zikaja, zikaisha. Upepo wa baridi wa mwezi wa sita ukaanza kuvuma. Kuku wakaatamia, wakaangua, wakalea. Vifaranga wakakua, wakawa wadogo vilevile. Wengine wakawa wadogo kuliko wa mwaka uliopita.

Salome akajiambia moyoni, "Miezi minane mkono wangu haumo. Basi kuna mkono mwingine."

Siku ya chanjo ikafika. Afisa mifugo wa kata ni mwanamke wa kutoka Mbeya, jina lake Atuganile. Watu wanamwita daktari. Alikuja na pikipiki yake, amefunga nyuma boksi la baridi lenye chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Kila kuku alipata tone moja jichoni. Majirani wa karibu walileta kuku wao uwanjani kwa Mama Hellena. Justa naye alileta wake, wamefungwa miguu, vichwa chini.

Mama Hellena alihangaika kukamata kuku peke yake. Atuganile akamwona Salome amesimama kando, mikono nyuma. Akamwuliza kwa nini hamsaidii mama yake.

Justa ndiye aliyejibu. Alisimulia habari yote, ya ufagio, ya jogoo kuzunguka mara tatu, ya kulala chini na kufumba macho. Aliongeza kidogo. Safari hii jogoo alitoa na machozi.

Atuganile hakucheka wala hakubisha. Aliuliza tu, "Na huyo jogoo sasa yuko wapi?"

"Alichinjwa," Justa alisema.

"Lini?"

"Siku ya nne. Wageni wa harusi walikuwa bado hawajaondoka."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, daktari. Nilipewa bawa."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Atuganile akaendelea kutia dawa, huku akiuliza habari za jogoo aliyemfuata. Mama Hellena akasema hakumbuki vizuri. Ndipo Salome akafungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza habari za kuku tangu alipokatazwa.

Alieleza kwamba jogoo aliyemfuata alikuwa mwekundu, naye alichinjwa Krismasi. Akaja mweusi mwenye kilemba. Huyo alipikwa siku paroko alipokuja kubariki nyumba. Akaja wa kijivu, akapewa mjomba wa Yusto aliyetoka Kasesya. Wa Pasaka alikuwa mweupe, shingo ndefu. Kila mmoja alikuwa ndiye mkubwa kuliko wote waliokuwapo. Ndivyo heshima ilivyotaka. Mgeni hapewi jogoo wa pili wakati wa kwanza anawika uwanjani.

"Na nani alibaki?" Atuganile aliuliza.

Salome akanyoosha kidole. Juu ya kinu kilicholazwa alisimama jogoo mfupi, mguu mmoja umepinda, mkia una manyoya matatu. Watoto walimpa jina la Kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda, kwa sababu ya udogo wake. Hakuna mgeni aliyewahi kupewa Kisoda. Angekuwa aibu mezani. Kwa hiyo Kisoda aliishi. Tangu yule wa Pasaka aliwe, mwaka wa tatu huo, alikuwa akiwika peke yake, na majike yote yalikuwa yake.

Atuganile akamtazama Kisoda, akawatazama vifaranga waliokuwa wakichakura chini.

"Basi huyo ndiye baba yao wote," alisema. "Wageni wenu wamekula akina baba wakubwa, mmoja baada ya mwingine. Mmebaki na Kisoda, naye anazaa akina Kisoda. Mtoto wa kuku hufuata umbo la baba na mama, kama mtoto wa mtu. Mkono wa huyu binti hauhusiki hata kidogo. Ni kisu."

Mama Hellena aliona amevuliwa nguo mbele ya watu. Akasema kwa ukali kwamba yeye hakuzaliwa jana. Nyumba yake haijawahi kumdharau mgeni, na haitaanza leo.

"Unataka nimwekee padri kuku mwenye mguu uliopinda?"

Atuganile akageuka kuelekea jikoni. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Juu ya mafiga, kwenye dari ya fito, yalining'inia mafungu ya masuke ya ulezi, yamekuwa meusi kwa moshi. Akayaonyesha.

"Mama, yale ni ya nini?"

"Mbegu," Mama Hellena alisema.

"Uliyapataje?"

Hapo uso wa Mama Hellena ulilegea. Hilo ni jambo alilolijua kuliko mtu yeyote pale. Alieleza kwamba kabla ya kuvuna huingia shambani peke yake. Hutafuta masuke yaliyojaa, yaliyofumba vidole vizuri. Hulikwepa suke lenye ugonjwa, hata liwe kubwa namna gani. Hutazama na shina, kama limesimama au limelazwa na upepo. Hayo bora huyakata kwanza, akayatundika juu ya moshi ili wadudu wasiyaguse. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia.

"Na akija mgeni," Atuganile aliuliza taratibu, "siku hiyo unga umekwisha, unayashusha yale ukampikia ugali?"

Mama Hellena akamkodolea macho. "Mbegu? Nani anapika mbegu?"

Neno lilikuwa limetoka mdomoni mwake mwenyewe. Akamgeukia Kisoda. Akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Atuganile akavuta kigoda, akakaa. Aliwaeleza kwamba ulezi haukuwa hivi tangu mwanzo. Zamani sana yalikuwa majani ya porini, yenye punje ndogo zinazopukutika zikiguswa na upepo. Watu wakachukua suke lililojaa kuliko mengine, wakapanda. Mwaka uliofuata wakachagua tena. Bibi kwa bibi, mikono ya namna hii ndiyo iliyoutengeneza ulezi tunaoula. Mahindi nayo vilevile. Kuku naye alikuwa ndege mdogo wa msituni, anataga mayai machache tu kwa mwaka. Ng'ombe wa maziwa hawakushuka kutoka mbinguni na maziwa yao. Watu walimchagua ndama wa mama mwenye maziwa mengi, tena na tena.

"Nanyi mmechagua," alisema. "Ukimla mkubwa ukamwacha mdogo azae, umechagua mdogo. Hukukusudia, lakini umechagua."

Justa akauliza kama basi mtu asile tena jogoo mkubwa maisha yake yote. Atuganile akasema kula ni lazima, kuku si kwa ajili ya kuangaliwa. Kwanza mchague wa mbegu, mmoja kwa majike kumi hivi. Mumtie alama ili hata mtoto amjue. Waliobaki, leni na uzeni, tena waondolewe mapema kabla hawajaanza kupanda majike.

Asubuhi iliyofuata Salome alikuwa akiwasha moto. Mama Hellena akaingia jikoni, akaweka mbele yake bakuli la pumba za kuku. Akatoka. Salome alilitazama bakuli lile, kisha akalibeba akaenda bandani.

Kisoda alipikwa Jumapili ile. Alichemka tangu watu walipotoka misa ya kwanza mpaka saa nane mchana, na bado alikuwa akirudisha meno. Yusto alisema jogoo yule hata kwenye sufuria amekataa kuwa mkubwa.

Kazi ikaanza. Atuganile alikuwa amewaonya kwamba jogoo asizae na dada zake wala binti zake, kwa sababu vifaranga hutoka dhaifu. Vijogoo vyote vya pale vilikuwa vya Kisoda. Kwa hiyo jogoo wa mbegu alipaswa kutoka nyumba nyingine, na baada ya mwaka mmoja na nusu abadilishwe tena. Salome na Yusto wakaenda kijiji cha ng'ambo ya bonde, kwa mzee mmoja aliyekubali kubadilishana jogoo mmoja kwa majike mawili.

Mzee aliwatolea vijogoo wawili. Mmoja alikuwa mrefu, anang'aa, anatembea kwa madaha. Yusto akamshika papo hapo. Salome akauliza mama yake ni yupi. Mzee akasema mama yake hutaga mayai sita, saba, na mara nyingi huyaacha yakapoa. Wa pili hakuwa mrefu sana, lakini kifua chake kilikuwa kipana na miguu imenyooka. Mama yake alitaga mayai kumi na tano, akaangua kumi na matatu, akakuza kumi.

"Tunamchukua huyu," Salome alisema.

Njiani Yusto alilalamika kwamba wameacha kijana mtanashati wakachukua mbeba magunia. Salome akamwambia mtanashati hatagi.

Nyumbani Salome alichana kipande cha kitenge chekundu, akamfunga jogoo mguuni, bila kukaza. Kisha akachagua na majike. Hakuchagua kwa macho tu. Alichukua daftari la zamani la shule, akaandika kila jike lilitaga mangapi, likaangua mangapi, na vifaranga wangapi walifika umri wa kujitegemea. Jike moja lenye madoadoa, ambalo Mama Hellena alilipenda kwa uzuri wake, lilionekana linaangua vizuri lakini linawapoteza watoto kwa mwewe kila mara. Mama Hellena alilitetea wiki nzima. Mwishowe akaliuza mwenyewe.

Hakuacha mambo mengine. Chanjo kila baada ya miezi mitatu. Banda likapata fito mpya za kulalia. Atuganile alikuwa amesema wazi kwamba mbegu nzuri isiyolishwa inakufa kama mbegu nyingine yoyote. Vijogoo vidogo, vile vilivyochelewa kukua, ndivyo vilivyoingia kwenye chungu kwanza.

Mwaka ulipotimia, baba yake Salome, Mzee Leonardi, alituma habari kutoka Laela kwamba anakuja kumwona mjukuu wake Sharon. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika hapo tangu harusi. Mkwe ni mgeni mzito. Kwa mkwe hakuna mzaha.

Mzee Leonardi alifika saa nne asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Akasalimiwa, akapewa kiti, akapakatishwa mjukuu. Yusto akaenda nyuma ya nyumba kunoa kisu. Mama Hellena akatazama uwanjani. Vijogoo wa mwaka ule walikuwa wanene, lakini hakuna aliyemfikia yule mwenye kitambaa chekundu. Kichwa chake kilionekana juu ya wote.

Mama Hellena alikuwa mwanamke wa heshima zake. Alimwita Yusto kwa sauti ya chini.

"Mkamate mkubwa. Siwezi kumpa mkwe kuku wa pili, watu wa Laela watatusema."

Salome alikuwa mlangoni, amebeba ungo. Alimwona baba yake, mvi zimeongezeka, Sharon anamvuta kifungo cha koti. Baba huyo alikuwa amemlea kwa jembe. Alistahili jogoo mkubwa kuliko wote duniani. Tena akinyamaza tu, heshima ingekwenda kwa baba yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Yusto alikuwa ameshamshika jogoo mbawa.

Salome akaweka ungo chini.

"Mama," alisema, "huyo ni mbegu."

Mkono wa Yusto ulisimama. Mama Hellena alimtazama Salome, akamtazama jogoo, akakitazama kile kitambaa. Neno lile lilikuwa lake. Alikuwa amelisema maisha yake yote, kwa watoto wenye njaa na kwa majirani wenye kuomba, na hakuna aliyewahi kulivuka.

"Mwachie," akamwambia Yusto. "Mbegu haipikwi katika nyumba hii."

Wakachinja mtoto wake wa kwanza, jogoo wa miezi saba. Mzee Leonardi alipewa firigisi kama ilivyo desturi. Alitafuna, akamgeukia binti yake. Alisema amesikia yote kutoka kwenye kiti, maana masikio yake hayajazeeka. Salome akainamisha kichwa.

"Nimekula majogoo ya wakwe wengi," mzee alisema. "Huyo ndiye wa kwanza kuninyima nafsi yake. Lakini kama mtoto ana nyama hii, nitasubiri wajukuu."

Wakacheka wote, na Mama Hellena ndiye aliyecheka zaidi.

Na wajukuu walikuja. Mwaka mmoja na nusu ulipotimia, Salome alimchagua kijogoo bora wa yule mwenye kitambaa, akampeleka ng'ambo ya bonde, akarudi na mwingine asiye wa damu yake. Vifaranga wa msimu huo walipofika miezi mitano, Atuganile alikuja na mizani ya kuning'iniza. Alimpima mmoja, akafikiri mizani imeharibika. Akampima wa pili. Mizani ilikuwa nzima. Kijogoo wa miezi mitano alikuwa amempita Kisoda kwa uzito karibu mara mbili, na Kisoda alikufa mzee.

Majike nayo yalibadilika. Banda ambalo zamani lilikuza vifaranga watatu kwa kila jike, sasa lilikuza wanane, tisa. Yule mchuuzi wa Majengo alirudi. Safari hii hakumnyanyua kuku kwa mkono mmoja. Alitumia miwili, akauliza hawa ni wa kutoka nchi gani. Mama Hellena akamwambia ni wa kutoka hapo mlangoni.

Watu walikuja kuona, wengine kutoka vijiji vya mbali. Salome aliwafungulia daftari, akawaonyesha mstari kwa mstari. Sauti yake, ambayo zamani ilisikika jikoni tu, sasa ilisikika mpaka barabarani. Ukimwuliza jogoo fulani, alikutajia mama yake, bibi yake, na idadi ya mayai.

Kisha ikatangazwa kanisani kwamba Askofu anakuja kutoa kipaimara. Jumatatu yake Mzee Philipo, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, alifika kwa Mama Hellena akiwa na wajumbe wawili. Walikaribishwa viti. Wakasalimiana, wakaulizana habari za shamba na za mvua. Mzee Philipo akakohoa. Alisema kamati imekaa, na imeona jambo moja tu linaloifaa meza ya Askofu. Alinyoosha fimbo yake kuelekea uwanjani. Katikati ya kundi alisimama jogoo mpya wa mbegu, mwekundu kama matofali, kitambaa mguuni, shingo juu.

"Tunamwomba huyo," alisema. "Si mwingine. Huyo."

Yusto aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Wajumbe wakamtazama Mama Hellena. Mama Hellena akakunja kanga yake vizuri magotini, bila haraka.

"Mnaniomba mimi kwa nini?" alisema. "Mwenye kuku ni yule."

Akamwonyesha Salome. Alisema hivyo mbele ya kamati nzima, kwa sauti ya kusikika hata kwa aliye nje ya uzio.

Mzee Philipo akageuka na kiti chake. Akavua kofia. Mzee wa umri ule, akaivua mbele ya binti wa darasa la saba, akaiweka kwenye goti.

"Mama Sharon," alisema, "ni Askofu. Unatupa, hutupi?"

Salome alimtazama mzee. Akamtazama jogoo. Jogoo akapiga mabawa, akawika, na majike yakainua vichwa.

"Mzee," Salome alisema, "huyo ni mbegu; Askofu atapata mtoto wake."